Pete Inayocheza

Kitu cha kwanza msichana alichokiona ni kwamba ule mstari wa chaki ulikuwa na tabia yake.

Ulikuwa mstari mfupi tu, mweupe, umechorwa usoni mwa puli, lile gurudumu la mbele ya injini, kuanzia kwenye kitovu, ukavuka mpira, ukaishia kwenye pete ya chuma ya nje. Injini ilipoizungusha puli, mstari ulipotea. Lakini ukiumulika kwa taa ya taimingi, ile inayowaka na kuzima kwa kufuata moto wa plagi, puli nzima ilionekana imesimama tuli, na mstari ukarudi mahali pake kana kwamba hakuna kinachozunguka. Hapo ndipo msichana alipouona. Mjomba wake alikuwa anapandisha mwendo polepole. Injini ilipofika mahali fulani, si chini sana wala si juu ya kupiga kelele, kipande cha mstari kilichokuwa kwenye pete kilisogea kando, unene wa ukucha, kikatetemeka palepale. Mwendo ulipozidi, kikarudi kujipanga na mwenzake wa kwenye kitovu. Kama watu wawili wanaotembea pamoja, mmoja akachepuka kusalimia mtu, kisha akamkimbilia mwenzake.

Msichana alitabasamu peke yake. Hakusema kitu. Hakuwa na mazoea ya kusema kitu, na ndiyo maana nyumbani na karakanani walimwita Kimya, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki la kwenye kadi ya kliniki.

Karakana ilikuwa ya mjomba huyo, kaka wa mama yake, na kazi yake ilikuwa moja ambayo gereji nyingi hazina subira nayo: kufufua puli za mbele za injini. Puli ikishachoka, wengine huitupa. Mjomba aliifungua, akatoa mpira uliokufa, akasafisha chuma mpaka king'ae, akaweka mpira mwingine kati ya kitovu na pete, akaoka kwenye tanuri dogo. Ikipoa, inaingia chumba cha majaribio.

Siku ya kwanza alimweleza mpwa wake maana ya mpira ule, na alimweleza kwa taulo lililolowa.

"Shika ncha hiyo," alimwambia. "Kaza mikono. Sasa mimi nasokota huku. Unaona linavyojinyonga? Nikilegeza, linajirudisha. Basi kranki ndiyo hivyo. Ule mhimili wa tumboni mwa injini, pistoni zote zinaupiga kwa zamu. Ni chuma, sawa, lakini kila kipigo unajinyonga kidogo, unajirudisha, unajinyonga, unajirudisha. Wewe uko nje unaona injini imetulia kama bibi harusi. Ndani huko, mwenzio anakamuliwa."

Maji ya taulo yalikuwa yakimchuruzika msichana hadi kwenye viwiko.

"Sasa puli yetu inakaa kwenye ncha ya kranki. Pete ya nje ni nzito, imeshikwa na mpira tu. Kranki ikitaka kujisokota, pete inagoma, haitaki kufuata. Huo ugomvi wao anaula nani? Mpira. Mpira ukifa, ugomvi hauna wa kuula. Umeelewa?"

Alitikisa kichwa kwamba ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Aliacha shule darasa la tano, na huko nyuma kila alipoelezwa jambo alibaki na nusu yake. Hili alibaki nalo zima.

Chumba cha majaribio kilikuwa nyuma kabisa, baada ya tanuri. Kilikuwa na dirisha moja la nondo, bomba la kutolea moshi lililotokea ukutani, na injini kuukuu ya silinda nne iliyofungwa kwa boliti kwenye fremu ya chuma. Injini hiyo haikuwa na gari tena, lakini ilikuwa na afya kuliko magari mengi. Mjomba alikaa kwenye mkono wa mafuta, ule wa kupandisha na kuteremsha mwendo, msichana akakaa kwenye stuli na taa. Kwa kuwa kelele humo hazikuruhusu mtu kumsikia mwenzake hata akipasua koo, Mjomba alikuwa na ishara zake za tangu zamani. Ishara zilikuwa mbili. Dole gumba juu: imekaa. Kiganja kikiteleza juu ya kiganja: imeteleza. Iliyokaa inakwenda kwa mteja. Iliyoteleza inarudi kufunguliwa.

Msichana alikipenda chumba kile kuliko mahali pengine popote alipowahi kukaa. Kule mbele, karibu na barabara, kulikuwa na kaunta, na kaunta ilikuwa na simu, na kitabu cha stakabadhi, na watu. Mkaza mjomba ndiye aliyekaa hapo. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mdomo hauna mlango, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumletea shida.

"Huyu mtoto unamwacha aoze huko nyuma na moshi," alimwambia mumewe karibu kila mchana, wakila. "Mlete mbele akae na watu. Mimi nikajinyooshe."

"Mama, akija huko mbele wateja watadhani tumefiwa," Mjomba alijibu.

"Atazoea. Nani alizaliwa anaongea?"

"Wewe."

Mkaza mjomba alicheka mpaka akaushika mgongo wake. Lakini hakuacha, na mwisho wakakubaliana wakila wali, bila kumwuliza msichana, kwamba maadamu chumba cha majaribio kina kazi, Kimya atabaki huko. Siku kikikosa kazi, anakuja kaunta. Msichana aliangalia sahani yake. Kuwaza tu mteja amesimama mbele yake anasubiri ajibiwe, huku yeye akiandika herufi moja moja kwenye stakabadhi, kulimkausha mate.

Kwa hiyo aliishika ile taa kama mtu aliyeshika ridhiki yake.

Mambo yalibadilika siku ambayo Mjomba mwenyewe aliitaka taa. Alimwachia msichana mkono wa mafuta, akainama mbele ya puli, na injini ilipofika pale mahali, akauona mstari ukichepuka. Uso ukamshuka. Alizima injini, akapitisha kidole kwenye chaki. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Nimeona inasogea," alisema. "Hujawahi kuona hivi?"

Msichana alitikisa kichwa kwamba amewahi.

"Mara nyingi?"

Akatikisa tena.

"Basi mpira wetu ni laini," Mjomba alisema, akajipiga paja. "Leo inasogea inarudi, kesho itasogea isirudi. Mpwa wangu, tungekuja kuaibika."

Msichana alitaka kusema kwamba yeye haoni ubaya wake. Kwamba pete ikichepuka vile, injini huwa inanyamaza, ni kama inashusha pumzi. Lakini alikuwa bado anayapanga maneno kichwani Mjomba alipokuwa ameshafika kwenye simu anaulizia mpira mgumu zaidi.

Mpira mgumu ulikuja, na kuanzia hapo mistari yote ilikaa. Ungepandisha injini utakavyo, chaki imenyooka kama imepigwa rula. Mjomba alivimba kichwa. Alimwita mchora mabango akaandika juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, PULI ZETU ZIMEKAA, na mkaza mjomba akamwuliza kama zilikuwa zimesimama kabla ya hapo.

Msichana alinyanyua dole gumba kila siku. Lakini palepale mahali ambapo zamani mstari ulichepuka, sasa alisikia kitu kingine. Cheni ya taimingi, inayovutwa na kranki ndani ya kifuniko chake, ilianza kugonga. Ilikuwa sauti nyembamba chini ya kelele kubwa, chaka-chaka-chaka, mwendo ukizidi inapotea. Mjomba hakuisikia. Miaka ya kukaa na injini ilikuwa imemla masikio, na sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Naye msichana hakuwa na ishara ya jambo hilo. Mstari umekaa, kwa hiyo ni dole gumba. Alilinyanyua taratibu, uso umekunjamana. Mjomba alisoma dole tu, uso hakuusoma.

Kisha akaja mwalimu wa udereva.

Alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa kitambi na masihara. Kazi yake ilikuwa imemwachia ugonjwa mmoja: akizungumza, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Alishusha gunia kwenye kaunta likalia kishindo.

"Fundi, nimekuletea maiti," alisema. "Nizikie."

Mjomba akafungua gunia. Ndani mlikuwa na kranki, vipande viwili. Msichana alikuwa amekuja mbele kuchukua chai, akasimama na birika mkononi. Kranki haikuwa imekatika kama kijiti. Ilikatika mshazari, mkato umezunguka chuma kwa kulala, kama kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikachanika.

"Iligonga kitu?" Mjomba aliuliza.

"Igonge nini? Tulikuwa tunazunguka uwanja kama kawaida, mwanafunzi wangu mama mmoja mtu mzima, mara paf, kimya. Yule mama akaniambia, mwalimu, nimeegesha vizuri?"

Mkaza mjomba aliangua kicheko. Mjomba hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ule mkato.

"Puli niliyokufungia mimi unayo?"

"Hiyo hapo ndani. Haina hata alama. Imekaa, kama bango lako linavyosema."

Mjomba aliitoa, akaitazama juu chini. Mpira mzima, pete nzima. "Hawa watoto wako wanaendeshaje gari?"

"Gia ya pili," mwalimu alisema, na mguu ukakanyaga breki. "Gia ya tatu wanaiogopa kama sindano. Kutwa nzima gia ya pili, injini inalia mlio mmoja, uuuu, mtu hapandishi hateremshi. Mke wangu anasema nikilala natoa mlio huohuo."

Mlio mmoja. Msichana aliujua mlio ule. Mwalimu alikuwa ameuiga sawasawa, ndio ule wa mahali pale ambapo mstari zamani ulichepuka na ambapo cheni sasa iligonga.

Mjomba aliketi kwenye kiti cha wateja, akashika tama. Alipozungumza, alizungumza na mkewe.

"Huu mkato ni wa kujinyonga. Kranki imesokotwa mpaka imechoka. Na kazi ya puli yangu ilikuwa kuzuia hilo tu, hakuna nyingine." Aliirudisha puli guniani. "Mpira umekaa, chaki imekaa, kranki imevunjika. Basi kazi hii siijui tena. Nafunga kile chumba. Tutauza puli mpya za kiwandani kama watu wengine."

"Fundi, usiseme hivyo," mwalimu alisema. "Mimi nimekuja unisaidie, sikuja kukufungisha duka."

"Nitakusaidia, kranki nitakutafutia. Lakini siwezi kuendelea kumfungia mtu kitu ambacho sijui kinafanya nini."

Mkaza mjomba alimhurumia mumewe, akamshika bega. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite, akamgeukia msichana na kumwambia kwa upole, "Basi mwanangu, kesho utakuja kukaa na mimi hapa. Nitakununulia mto wa kiti." Alisema kwa mapenzi kabisa, na ndiyo maana lilimwingia msichana vibaya zaidi.

Aliweka birika. Akarudi nyuma.

Kwenye kona ya chumba cha majaribio kulikuwa na sanduku la puli zilizokataliwa siku Mjomba alipouona mstari ukisogea, zote za mpira wa zamani. Alichagua moja, akapangusa vumbi, akachora mstari wake wa chaki, kitovu, mpira, pete. Akaifunga kwenye injini. Alikuwa ameshafunga nyingi, mikono ilijua boliti inakazwa mpaka wapi. Kisha akawasha.

Mjomba alifika mlangoni mbiombio. Mdomo wake ulisema nani amewasha, lakini haukusikika, na hiyo ndiyo ilikuwa nafuu ya msichana. Alimpa bisibisi ndefu. Akamwelekeza: ncha kwenye kifuniko cha cheni, mpini sikioni. Mafundi wote husikiliza hivyo, chuma humletea mtu hata sauti ambayo hewa haimletei. Mjomba alimtazama kama mtu anayetazama paka anayefungua mlango, akatii.

Msichana alishika taa kwa mkono mmoja, mkono wa mafuta kwa mwingine, akapandisha polepole. Uuuu. Pale. Mstari ukachepuka, ukatetemeka.

Mjomba akateleza kiganja juu ya kiganja: imeteleza.

Msichana akakataa kwa kichwa. Aliweka chini taa, akanyanyua kiganja chake kilichofunguka, akakiyumbisha kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mtu anayekuambia jambo hili ni nusu kwa nusu. Ishara hiyo haikuwemo kwenye chumba kile. Mjomba akakunja uso. Msichana akamwonyesha bisibisi: sikiliza. Mjomba akasikiliza. Cheni ilikuwa imetulia. Msichana akaokota taa, akapandisha mwendo, mstari ukarudi. Akateremsha, ukachepuka. Akazima.

Mjomba alitaka kusema kitu, lakini msichana alikuwa ameshainama anafungua boliti. Alifungua puli ile, akafunga ile ya kwenye gunia la mwalimu, yenye mpira mgumu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amewafuata na kikombe cha chai, amesimama mlangoni, mguu wake unakanyaga sakafu.

Injini ikawaka tena. Uuuu. Mstari umenyooka, umekaa kama mtu wa kwenye picha ya kitambulisho. Mjomba alikuwa na mpini sikioni, na msichana akamwona akirusha kichwa nyuma kama aliyeumwa na siafu. Akarudisha sikio. Akalitoa. Akarudisha. Akamnyooshea msichana kidole apandishe, kisha ateremshe, na kila walipopita pale mahali, nyusi zake zilipanda zenyewe.

Alinyoosha mkono akazima injini mwenyewe. Bomba la moshi likaanza kupoa, tik, tik.

"Ile laini," Mjomba alisema, polepole. "Haitelezi."

Msichana akaitikia kwa kichwa. Akayumbisha kiganja.

"Inacheza," Mjomba alisema. "Inacheza, halafu inarudi. Pale kranki inapotaka kujinyonga, pete inacheza kwa niaba yake. Na hii ngumu," akaigonga kwa kifundo cha kidole, "hii nimeifunga mikono. Pete ikikaa, kranki ndiyo inayocheza."

"Kumbe iliyokaa ndiyo mbaya?" mwalimu aliuliza.

"Iliyokaa kabisa ni chuma tu, kama kuninginiza jiwe. Lakini iliyoteleza nayo mbaya. Ya katikati ndiyo nzuri, na mimi sikuwa na neno lake." Mjomba alikaa kwenye stuli ya msichana. Hakuonekana mtu aliyeaibika. Alionekana mtu aliyepata funguo zake mfukoni baada ya kupekua nyumba nzima. "Miaka yote nina maneno mawili. Imekaa, imeteleza. Unalala unaamka na maneno mawili, unadhani dunia ina mambo mawili."

"Bango inabidi lifutwe," mwalimu alisema.

"Halifutwi. Tunabadilisha neno. PULI ZETU ZINACHEZA."

"Nani atakuletea gari?"

Walicheka, na kicheko kikamvuta mkaza mjomba kutoka mbele, mkono kiunoni. Mumewe akamweleza yote, kwa taulo, kwa bisibisi, kwa mikono, na akamweleza pia lililobaki: wale wote waliofungiwa mpira mgumu lazima wapigiwe simu, warudi, wabadilishiwe kabla kranki zao hazijachoka. Mpira wa zamani utarudi, na kila puli itapandishwa mpaka pale mahali, na haitoki mpaka icheze na irudi.

"Simu zote hizo," mkaza mjomba alisema, "nani atapiga? Mimi huu mgongo?" Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa msichana. "Si nilisema. Huyu kaunta inamwita. Aje akae mbele, apige simu, apokee wateja. Taa utashika wewe mwenyewe."

Mjomba alimtazama mpwa wake, akamtazama mkewe, akajikuna shingo. "Labda kwa muda," alisema. "Mpaka hawa wote warudi. Halafu tutaona."

Msichana alijua 'tutaona' ya Mjomba inaishia wapi. Alikuwa anafunga nati ya mwisho. Injini ilikuwa imezimwa, chumba kimetulia, na watu watatu walikuwa wanamtazama, na hakukuwa na kelele yoyote ya kujificha nyuma yake. Mwaka mzima katika nyumba ile alikuwa ameshukuru, ameitikia, amekubali. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema anapenda nini, kwa sababu hakuwahi kulisema, hata peke yake.

Aliweka spana mezani.

"Simu nitapiga," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Kaunta sikai, Mama. Mimi napenda hapa."